Mwaka wa kujitolea Ujerumani: anza kusoma mstari wa makazi

Bima nyota tano, posho nyota mbili, makazi inategemea bahati yako na macho yako wakati wa kusoma makubaliano.

Kijana wa Dar au Nairobi ana milango mitatu. weltwärts ni mpango wa wizara ya maendeleo ya Ujerumani ulioanza mwaka 2008, na tangu 2013 unapokea pia vijana wanaotoka huku kwetu kwenda kule, wa miaka 18 hadi 28. FSJ (Freiwilliges Soziales Jahr, mwaka wa kujitolea kwenye huduma za jamii) ni ya wasiotimiza miaka 27. BFD (Bundesfreiwilligendienst, mpango wa kujitolea wa serikali kuu) ilianza 2011 jeshi la lazima liliposimamishwa, nayo haina ukomo wa umri. Ukishafika kazini tofauti huioni sana. Ipo kwenye nauli: weltwärts wanakulipia, ila nafasi ni chache na lazima upitie shirika la kwenu lenye mshirika kule. Kwa BFD na FSJ, tiketi, viza ya euro 75 na darasa la Kijerumani kwa kawaida vinatoka mfukoni mwako.

Posho ina kikomo cha kisheria. Mwaka 2025 kilikuwa euro 644 kwa mwezi kwa BFD na FSJ. Hicho ni kikomo cha juu, siyo ahadi, na vituo vingi vinavyopokea wanaojitolea hutoa pungufu. Kwa hiyo swali la kwanza siyo "posho ngapi?" bali "nalala wapi, na nani analipa?" Kama makubaliano hayasemi wazi kwamba kituo kinatoa chumba, usisaini hadi upate jibu la maandishi. Chumba cha kupanga München kinaweza kuimeza posho yote. Kijijini utapewa chumba bure, lakini Jumapili basi huenda lisipite kabisa. Uliza pia tiketi ya mwezi ya usafiri (euro 58 mwaka 2025) inalipwa na nani, na ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni. Hiyo ya mwisho huwashtua wengi barua inapofika.

Bima ndiyo sifa kubwa ya mipango hii. Afya, pensheni, ajali, vyote hulipwa na kituo bila kukatwa kwenye posho. Kwa wasiotimiza miaka 27, mwaka mzima una pia siku 25 za semina, na zinahesabiwa kama siku za kazi.

Kazi yenyewe katika nyumba ya wazee haina urembo. Zamu ya asubuhi ni kupaka siagi kwenye mkate, kukata vipande vidogo vya kuingia mdomoni, kumimina kahawa kwenye kikombe chenye mdomo, na kwa mzee anayepaliwa, kuchanganya unga wa kufanya kinywaji kiwe kizito. Ukiimimina nyepesi kwa haraka, inaweza kumwingia mapafuni. Kugawa dawa na kuchoma sindano si kazi yako, hata muuguzi akiwa peke yake zamu nzima. Sheria inasema anayejitolea asichukue nafasi ya mwajiriwa. Kwenye upungufu wa watumishi mstari huo hufutika polepole, leo chumba kimoja, kesho korido nzima. Mwambie mapema msimamizi wako wa semina. Kubadilishwa kituo kunawezekana.

Lugha: cheti cha A2 (ngazi ya pili kati ya sita) hakikutoshi kwenye simu ya zamu. Mtego wa kwanza ni saa. "Halb sieben" mswahili anasikia "saba na nusu", kumbe ni nusu kuelekea saba, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa hesabu yetu. Unageuza mara mbili, na wengi huchelewa wiki ya kwanza kwa sababu hiyo tu.

Sasa mawakala. Anayekuuzia "barua ya mwaliko" anakuuzia karatasi. Makubaliano ya BFD husainiwa pia na ofisi ya serikali kuu iitwayo BAFzA, na hiyo ndiyo karatasi ya kupeleka ubalozini. Dai nakala yenye saini hiyo kabla ya kutoa hata shilingi.

Vituo vingi huanza Agosti au Septemba. Anayetafuta nafasi Mei bado hana miadi ya viza, na foleni ya ubalozi haijali kituo kinakusubiri. Anza mwaka mmoja kabla, darasa la lugha likiwa linaendelea.