Chuma cha springi za lori: kipi uagize ukiwa Kigoma

Springi ya lori linalobeba chumvi ya Uvinza ikilala, yaani ikipoteza upinde wake, wengi humtuma msambazaji "chuma kigumu zaidi". Hapo ndipo pesa hupotea. Kabla ya kuzidiwa, vyuma vyote vya springi hupinda karibu sawa chini ya mzigo uleule. Kinachokaza springi ni vipimo vya mabamba, hasa unene. Bamba la milimita 11 hukaza kuliko la milimita 10 kwa karibu theluthi nzima. Aina ya chuma huamua jambo jingine: bamba litavumilia mashimo kwa muda gani kabla ya kulala au kukatika.

Anza na SUP9 au SUP9A, majina ya Kijapani ya chuma cha springi kinachokaribiana na 5160 cha Wamarekani. Kaboni yake ni kama asilimia 0.5 hadi 0.6, na kromi iliyomo hufanya ugumu ufike hadi katikati ya bamba likichovywa kwenye mafuta likiwa moto. Fundi wa karakana ya kawaida atakiweza.

Cha pili ni 51CrV4, chenye vanadi. Kwa mabamba manene ya malori mazito na tela hicho ndicho bora. Kimeshuka nafasi kwa sababu ya bei tu. Cha tatu, 60Si2Mn, hakilali kirahisi, lakini silikoni yake nyingi hufanya uso upoteze kaboni kirahisi tanurini. Uso huo laini ndipo nyufa huanzia, kwa hiyo kinunue kikiwa mabamba yaliyokamilishwa kiwandani. 65Mn ni cha mabamba membamba. Yakiwa manene, ndani hubaki laini.

Flatibaa ya madirisha usiiguse. Springi chakavu nazo huficha nyufa zisizoonekana kwa macho.

Mzigo ukifika, dai cheti cha kiwanda, na namba ya myeyusho (ya kundi la chuma lililoyeyushwa pamoja) ilingane na iliyogongwa kwenye chuma. Kisha pima uzito: bapa la milimita 70 kwa 10, urefu wa mita 6, liwe karibu kilo 33. Likiwa kilo 30, huenda umeuziwa unene wa milimita 9, na zaidi ya robo ya ukakamavu imekwenda.

Ukinunua SUP9 ghafi, toboa kwanza tundu la senta bolti, bolti inayoyafunga mabamba pamoja katikati. Pasha hadi nyuzi 850 hivi, chovya kwenye mafuta, kisha, bila kuchelewa, pasha tena karibu nyuzi 480 hadi 500. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho, bamba litakatika kama kioo. Ugumu unaotafutwa ni 42 hadi 48 kwa kipimo cha Rockwell (HRC). Bamba likishapita hapo, lisichomelewe kamwe: joto la kulehemu huharibu chuma kando ya mshono, na litakatikia papo hapo.

Kwa magari ya chumvi, paka grisi ya grafiti kati ya mabamba kabla ya kuyafunga, maana kutu huchimba vishimo, na ufa huanzia kwenye kishimo.