Sikio la mdogo wangu na yule bwana wa mapokezi

Bado nna hasira, mnisamehe nikiandika ovyo. Mdogo wangu alikuwa anaezeka kule Konde, bati likamponyoka likamkata sikio, kipande cha juu kikaanguka chini kabisa. Tukamkimbiza kituo cha afya, na yule nesi wa pale Mungu amlipe kheri, hakutupigia kelele, kakiosha kile kipande kwa maji ya dripu, kakifunga na shashi iliyolowa, kakitia ndani ya glavu akapiga fundo, ndo glavu akaiweka kwenye kindoo cha maji ya barafu. Akatwambia barafu isiguse nyama, itaiunguza, na msichelewe njiani.

Tumefika hospitali kubwa, bwana wa mapokezi anataka kadi. Namwambia kaka yangu, sikio hili hapa linaharibika, hata usoni hakunitizama. "Hicho hakishoneki tena, kitupeni mje muandikishe jina." Kitupeni! Nyama ya mtu yuhai, na mama kasimama palepale anasikia! Tena akafungua fundo atizame, akakiacha kipande kitupu juu ya barafu, huyo akarudi kwenye daftari lake. Nilipiga ukelele mpaka watu wakatoka wodini.

Daktari akaja mbio akakiokota mwenyewe. Yule muungwana wallahi. Akatweleza lingekatika sikio zima ingebidi kuunga vijishipa vya damu kwa hadubini na pale hawana, ila kipande kidogo, sentimita 1.5 hivi, kilichokatwa safi bila kusagika, hushonwa tu kikajitafutia damu kwa nyama ya jirani. Mwanzo kikawa cheupe, baadae kikapiga buluu, mama analia kimeoza hicho, daktari anasema subirini bi mkubwa, na kweli kikaja kuwa chekundu chekundu kama nyama nzima. Limeshika! Ila ukingo wa juu uligeuka mweusi ukapukutika, na mie hamunambii kitu, ni ile barafu.

Nilitaka kuandika msende kabisa pale. Lakini kwa daktari yule, nendeni. Aa, hapana, mtu anasema kitupeni na mpaka leo yuko dirishani, samahani hajasema, nyota ntampa nani? Daktari zote. Hospitali hata moja. Mkienda na kipande chenu msimkabidhi mtu wa mapokezi, kishikeni mkononi mpaka mumuone daktari.