Miezi minane na Kolibri hapa Nakivale

Hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, natumia Kolibri, programu ya masomo, na watoto wa mtaa wetu, wengi wao Wakongo kama mimi. Programu ni ya bure, na ukishaiwekea masomo haihitaji intaneti. Tulipakua masomo mjini Mbarara mara moja tu, tukayabeba kwa flashi, tukayaweka kwenye laptopu kuukuu. Tableti nne huyachukua humo kwa Wi-Fi ya rauta ndogo, bila hata senti ya bando. Tangu Julai 2021 bando la Uganda lina kodi ya asilimia 12, na wazazi wengi hapa wanalima mashamba ya watu.

Kuna mvulana wa miaka 13. Kwetu alifika darasa la tano, kwa Kifaransa. Hapa alirudishwa P3, yaani darasa la tatu, kwa ajili ya Kiingereza, akakaa na watoto wa miaka minane, magoti yakigonga dawati. Akikosea kusoma, darasa zima linacheka. Hesabu anaziweza, maneno ya swali ndiyo yanayomshinda. Kwenye tableti alirudia zoezi moja la hesabu za sehemu mara kumi na moja mpaka akalipata. Hakuna mwenzake aliyemwona. Mimi nililiona usiku, maana akaunti ya mwalimu inaonyesha kila jibu, na nilishindwa kulala kwa furaha.

Wadogo wanapenda hadithi za African Storybook za Kiswahili. Mmoja humsomea bibi yake, na bibi hataki asimame katikati.

Taabu zipo. Video za hesabu tulizopakua ni za Kiingereza cha haraka, kwa hiyo nazisimamisha kila dakika nifasiri. Mada hazikuja kwa mpangilio wa mtaala wa Uganda, nazipanga mwenyewe kila Jumapili jioni. Siku za mvua sola haitoshi, kufikia saa tisa alasiri tableti zimezima. Na msinunue tableti za bei ya kutupa: tulianza na sita, mbili zikavimba betri ndani ya miezi mitatu, na muuzaji hapokei simu tena.

Msiwaachie watoto vifaa peke yao mkadhani watafundishwa. Lazima mtu mzima akae nao.

Likizo ijayo narudi Mbarara kupakua masomo ya sayansi. Yule mvulana ameyaomba.