Forodhani ni pazuri mno, ila tuliyemlipa atutembeze alituharibia

Niseme mapema: kama unapenda historia, usilipie matembezi ya Mji Mkongwe kwa kampuni tuliyoichukua sisi. Jina silitaji hapa, wenyewe nimeshawaandikia.

Nilimpeleka mama Unguja si zamani. Ni mwalimu mstaafu, amesomesha historia miaka na miaka, na vita vya 1896, vya Waingereza na Zanzibar, alikuwa akivifundisha bila kuwahi kukanyaga pale. Kwa hiyo mnaelewa hamu aliyokuwa nayo. Alikuja na kidaftari chenye maswali.

Kijana aliyepewa kutuongoza alikuwa na simu sikioni tangu tunaingia bustani ya Forodhani. Tulipofika mbele ya Ngome Kongwe akanyoosha mkono: "Hii walijenga Wareno." Basi, akaendelea kutembea. Mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, si Waarabu wa Omani hawa, walipokwisha kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17? Wareno walikuwa na kanisa hapa." Kijana akageuka, mbele ya wageni wote, akasema: "Bibi, mimi ndiye ninayelipwa kuongea."

Mama hakujibu. Alifunga kidaftari, akakitia mkobani, na hakukitoa tena siku ile.

Na mama alikuwa sahihi! Ngome ni ya Waomani, na mabaki ya kanisa la Wareno yamo humo humo ndani ya kuta. Iliwahi kuwa gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 treni ya Bububu ilikuwa ikianzia hapo hapo nje. Sisi hata mlangoni hatukuingia. Tulipelekwa duka la vinyago na viungo, tukakaa humo muda mrefu kuliko tuliokaa mbele ya majengo yote, na kila mtu aliona jinsi muuzaji na yule kijana walivyokuwa wakipeana ishara.

Beit al-Ajaib ndiyo iliyoniuma zaidi. Jumba la Sultan Barghash, la 1883, la kwanza Zanzibar kuwekewa umeme. Mwaka 1896 manowari za Waingereza zilipiga kasri kwa chini ya saa moja, Beit al-Hukm iliyokuwa jirani ikaharibika kabisa, hili likabaki limesimama. Halafu Desemba 2020, likiwa kwenye ukarabati, upande mmoja ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, mafundi wakafa. Mtu mzima na akili zake anasimama mbele ya jengo hilo anasema, "Hili limeanguka, tusonge." Watu walikufa pale. Hata "Mungu awarehemu" imemshinda?

Nisiwe mwonevu. Dereva wao aliyetupokea bandarini alikuwa muungwana, alimshika mama mkono hadi garini, na bei haikuwa mbaya. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu.

Jioni tukarudi wenyewe Forodhani, mimi na mama. Mishikaki inafuka moshi, juisi ya miwa inakamuliwa na ndimu na tangawizi, vijana wanapiga makachu kutoka ukutani hadi baharini na watu wazima wanashangilia. Mzee mmoja mwuza kahawa alimsikia mama akinieleza habari za Sayyid Khalid, sultani waliyempiga Waingereza mwaka ule wa 1896, jinsi alivyokimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Akatua dele lake. "Mwalimu, karibu kikombe," akasema, kisha akamwonyesha kwa kidole manowari zilikuwa zimekaa upande gani. Wakaongea mpaka kahawa ikapoa. Hakutudai hata shilingi, ikabidi tumlazimishe.

Ndiyo nikazidi kukasirika. Mwuza kahawa anajua, na ana adabu. Aliyelipwa hajui, na anatukana wakubwa. Nyota tatu nimezifuta, nawapa moja, na hiyo ni ya dereva. Forodhani yenyewe nendeni, tena nendeni na wazee wenu, ingieni Ngome kwa miguu yenu, mkae kadiri mnavyotaka.

Ofisi yao imenijibu jana, wananiahidi punguzo safari ijayo. Punguzo silitaki. Namba ya mama wanayo kwenye fomu. Yule kijana ampigie amwombe radhi.