Kamba ya Angani: Nilivyoiona Gravity Kibandani kwa Mia Tano

Nianze na bei, maana ndiyo inayoulizwa kwanza. Mkubwa mia tano, mtoto mia mbili, na ukichelewa unakalia ndoo. Kibanda umiza chenyewe kiko mtaani kwetu hapa Morogoro: mabati juu, turubai ubavuni, runinga moja kubwa, na spika mbili zilizokwisha kuchakaa kwa mpira wa Ulaya. Siku ya mechi hupati pa kukanyaga. Jumatano ile hapakuwa na mechi, wakaweka muvi ya kutafsiriwa. Nikaingia na mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye wiki nzima alikuwa ananiambia DJ wa muvi hiyo, yule anayeitafsiri kwa sauti yake, ni hatari.

Muvi ni Gravity ya Alfonso Cuarón, ya mwaka 2013. Mimi nafundisha fizikia. Nilishaiona zamani kwenye kompyuta, kwa hiyo nilijua naenda kukaa dakika 91 nikijiuma ulimi. Nilijiuma nusu saa, basi.

Sifa kwanza. Angani hakuna hewa, na pasipo hewa sauti haisafiri. Cuarón aliliheshimu hilo kuliko karibu wenzake wote: chombo kinasambaratika mbele ya macho yako na mlipuko husikii, unasikia muziki na pumzi za mwanamke ndani ya helmeti. Katika Oscar saba ilizochukua, mbili ni za sauti. Sasa chukua muvi hiyo umkabidhi DJ wetu. Ukimya wote kaujaza. "Puuu! Kimenuka! Mama Rehema, shika hapo!" Sandra Bullock ndiye kabatizwa Mama Rehema, na George Clooney ni Mzee Joji. Nje genereta linanguruma. Nilicheka mpaka mpwa akaona aibu kukaa na mimi.

Chanzo cha mkasa ni Warusi kuilipua satelaiti yao wenyewe kwa kombora. Vipande vinagonga satelaiti nyingine, nazo zinatoa vipande vingine, mpaka anga lote linakuwa mvua ya vyuma. Jirani yangu wa benchi akasema, "Fiksi hiyo." Hapana, hapo siyo fiksi. Donald Kessler, mwanasayansi wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliandika kuhusu mgongano wa namna hiyo mwaka 1978. China ililipua satelaiti yake mwaka 2007, na Novemba 2021 Urusi ikafanya vilevile: vipande zaidi ya 1,500 vya kuweza kufuatiliwa, na wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu wakalazimika kujifungia ndani ya vyombo vyao vya kurudia. Muvi iliwatangulia Warusi kwa miaka minane. Ilipochapia ni pale iliposema mawasiliano karibu yote yamekatika. Fundi yeyote wa dishi atakwambia kwa nini akishafunga bomba na kulenga hagusi tena: satelaiti ya runinga iko kilomita kama 36,000 juu, inazunguka sambamba na dunia, inaonekana imesimama. Vyuma vinavyopita kilomita mia kadhaa tu juu yetu haviifikii.

Tundu kubwa ambalo wataalamu hulishupalia ni safari. Mama Rehema na Mzee Joji wanatengeneza darubini ya Hubble, chombo chao kinaharibika, kisha wanaelea kwenda Kituo cha Kimataifa kwa mkoba wa gesi mgongoni, kama mtu anayevuka barabara kwenda kwa jirani. Muvi ilipotoka, Hubble ilikuwa juu zaidi kwa zaidi ya kilomita mia, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba njia zao zimeinama tofauti: Hubble inazunguka kwa nyuzi 28.5 kutoka ikweta, Kituo kwa nyuzi 51.6. Ili uhame kutoka njia moja kwenda nyingine unahitaji kubadili mwendo wako kwa kama mita 3,000 kwa sekunde. Ule mkoba wa gesi ambao NASA iliutumia kweli mwaka 1984 ulikuwa na uwezo wa mita 24 hivi kwa sekunde.

Hili halikuwa la kubishania kwenye karatasi tu. Chombo cha NASA, Columbia, kilipoteketea mwaka 2003 na watu saba, NASA ilitaka wanaanga wote wa chombo cha aina ile wawe na pa kukimbilia, na pa kukimbilia ni Kituo. Wale waliokwenda Hubble mara ya mwisho, Mei 2009, wakiwa na Atlantis, hawakuwa na njia ya kukifikia. Ikabidi chombo cha pili, Endeavour, kisimamishwe kwenye jukwaa jingine la kurushia, tayari kwenda kuwachukua. Gharama yote hiyo, kwa kitu ambacho Clooney anakifanya huku akipiga hadithi.

Na bado nimeisamehe. Bila safari hiyo hakuna muvi. Wangekufa dakika ya ishirini sote tukarudi nyumbani. Kila msimulizi ana haki ya kuomba akopeshwe uongo mmoja ili aanze.

Nisichokisamehe ni kamba.

Wanafika kituoni kwa kasi, wanakosa pa kushika. Mguu wa mwanamke unanasa kwenye kamba za parachuti la Soyuz, chombo cha Kirusi. Naye anamdaka mwenzake kwa kamba nyingine. Wanavutika, wanasimama. Hapo Mzee Joji anasema uzito wake utawaponza wote wawili, anajifungua, anaondoka taratibu gizani. Kibanda kizima kimya. Hata DJ alishusha sauti.

Mpwa akanigeukia. "Mjomba, kwani nani anamvuta?"

Swali hilo nalitafuta darasani mwaka mzima silipati, nimelipata kwa mia mbili. Hakuna anayemvuta! Wakishasimama, mwanamke, mwanamume na kituo chenyewe wote wanaizunguka dunia kwa mwendo uleule, kilomita saba na ushei kwa sekunde, hakuna anayemwacha mwenzake. Angeivuta kamba kwa vidole viwili, Mzee Joji angerudi kifuani kwake kama puto. Na angeiachia, jamaa angebaki palepale wakitazamana. Wapo wanaomtetea Cuarón: kamba za parachuti zilikuwa bado zinateleza mguuni, kwa hiyo hawakuwa wamesimama kabisa. Sawa. Lakini tunachoonyeshwa ni watu wawili waliotulia, wanajadiliana, na kamba imekaza katikati yao. Kamba haikazi bure. Mtaani tunasema mtu akikudanganya kakupiga kamba. Mimi kwa mara ya kwanza nimepigwa kamba kwa kamba yenyewe.

DJ naye aliliona tundu, tena akaliziba palepale: "Upepo wa huko juu ni mkali, jamani! Unamvuta Mzee Joji kama kishada!" Watu wakatikisa vichwa, wameridhika. Kijana mmoja nyuma ndiye aliyekataa, na wala siyo kwa sababu ya upepo. "Stelingi hafi!" DJ utadhani alimsikia: "Tulieni. Stelingi ni Mama Rehema." Kesi ikaisha.

Wiki iliyofuata, palepale, wakaweka The Martian ya Ridley Scott, ya 2015. Ile nayo ina tundu, tena mlangoni: dhoruba inayotaka kuangusha roketi kwenye sayari ya Mirihi. Hewa ya kule ni nyepesi kuliko yetu mara kama sitini, kwa hiyo upepo wa kilomita 100 kwa saa ungekusukuma kama huku upepo wa kilomita 13, wa kukaushia khanga. Andy Weir, mwenye kitabu, amekiri hadharani kwamba alijua anadanganya. Lakini ukishavuka mlango huo, jamaa analipa deni: mwanaanga wake kaachwa peke yake kule, basi maji kahesabu, viazi kahesabu, siku kahesabu. Gravity imekopa mlangoni, ikaja kukopa tena pale pale iliponitaka nilie. Kulia nililia mara ya kwanza, zamani. Ndiyo maana naikasirikia.

Madogo mengine nayapita. Chozi la Mama Rehema linatoka jichoni na kuelea, wakati mwanaanga Chris Hadfield alishatuonyesha mwaka huohuo wa 2013, akiwa kituoni, kwamba maji hung'ang'ania jicho kama jeli. Kifaa cha kuzimia moto kumsukuma mtu ni fizikia safi, isipokuwa angezunguka kama pia asipokielekeza sawasawa na kiini cha uzito wake. Nywele zake zinakaa utadhani yuko saluni.

Nyota zangu: muvi nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa kamba. Kibanda nyota mbili. Genereta lilizima Mama Rehema akiwa ndani ya moto, tukakaa gizani dakika saba, na tulipodai punguzo tukaambiwa giza nalo ni sehemu ya anga. Benchi la tatu kutoka mbele lina msumari, usikae. DJ nampa tano, na mwenye kubisha aje.

Jumamosi nikamwekea mpwa ile isiyotafsiriwa, kwenye kompyuta yangu, nyumbani, taa zimezimwa, nikamwambia asikilize ukimya. Alivumilia dakika ishirini.

"Mjomba," akasema, "hii yako haina upepo."