Kabla ununue rangi ya sebule, iangalie usiku na balbu yako

Mwaka jana tulipaka sebule hapa Kiamunyi kijivu chepesi, ile ambayo kila nyumba mpya Nakuru inayo. Dukani ilikuwa sawa, mchana hapa nyumbani sawa. Jioni nikawasha taa, ukuta wote ukawa bluu, ile bluu ya wadi. Julai mama yangu akaja kututembelea, akakaa jioni nzima na leso mabegani, madirisha yote yamefungwa, na bado anauliza baridi inatokea wapi.

Shida ni rangi iliyojificha ndani ya rangi. Hizi nyepesi zote ni nyeupe iliyotiwa matone, njano, nyekundu au nyeusi, na kijivu cha nyeusi na nyeupe pekee huwa kinavuta ubluu. Mchana huoni, balbu ndio inaitoa. Angalia boksi ya balbu yako kuna namba inaishia na K: 3000K ni mwanga wa manjano, 6500K ni ule mweupe wenye ubluu, na huo ndio utapewa dukani kama hujasema kitu. Muuzaji wa rangi hawezi kukuuliza hiyo namba. Fundi pia hakuulizi!

Alafu ule ushauri ati chumba chenye dirisha la kaskazini kina mwanga baridi, hiyo ni ya watu wa Uingereza. Sisi tuko karibu na ikweta, katikati ya mwaka jua linaegemea kaskazini, Disemba linaegemea kusini, kwa hivyo kwetu dirisha la kuangalia ni la mashariki na la magharibi. Dirisha la magharibi saa kumi na moja jioni linageuza krimu ikawa chai ya maziwa.

Kwangu namba moja ni krimu nyepesi yenye njano kidogo sana, hiyo inavumilia balbu zote mbili. Ya pili ni magnolia, ile krimu yenye upinki kidogo, lakini kama sakafu yako ni ile nyekundu ya kupigwa nta, ule wekundu unaruka hadi ukutani na utajikuta na pichi. Ya tatu kijivu chenye rangi ya udongo kidogo ndani yake. Kijivu baridi naweka ya nne, na hiyo ni kwa ajili ya watu wa Kisumu, vile joto la huko liko, chumba kinachopigwa na jua la jioni kinatulia kabisa kikipakwa hiyo. Nakuru, hapana. Nyeupe kabisa ni ya mwisho, iweke kwa dari.

Kampuni ya rangi mimi ni Crown, ile yao ya silk vinyl, rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, sijifichi. Ukuta wa koridoo naupangusa na kitambaa cha sabuni miaka mitatu sasa na watoto wawili. Za bei ya chini ziko, zinachafua nguo ukiegemea, basi.

Chukua kopo dogo kuliko yote, paka kadibodi kubwa koti mbili, ngoja ikauke kabisa sababu rangi ya maji ikikauka inakolea kidogo, alafu isimamishe kwa kila ukuta asubuhi, jioni, na usiku taa ikiwaka.

Na usikubali wakuchanganyie kwa mkono. Hiyo kijivu yangu ilipungua ukuta mmoja, nikarudi hadiwea ile ile, mashine ya kuchanganya haifanyi, kijana akamimina matone akikadiria na macho akaniambia ni ile ile mama, nikalipa bei kamili, ikakauka tofauti, na kurudisha wakakataa ati ishachanganywa. Nani alichanganya? Dai stika yenye code ya rangi, ile namba ya mchanganyiko, kwa kifuniko, ipige picha kabla fundi aitupe, na rangi ya chumba kimoja inunue yote siku moja.