Denari za fedha za Hungaria ya Zama za Kati: ipi uanze nayo

Ukitaka sarafu ya fedha yenye zaidi ya miaka 500 bila kukamua mfuko, tazama Hungaria. Ilikuwa na migodi tajiri, na denari zake nyembamba, za nusu gramu hivi, zimebaki kwa wingi. Nimezipanga kwa kigezo kimoja: je, utaisoma sarafu kwa macho yako, bila kutegemea maneno ya muuzaji?

Namba moja ni denari ya Mathias Corvinus (1458–1490), ile ya Bikira Maria. Amempakata Mtoto, na maandishi PATRONA VNGARIE yanamzunguka. Geuza: ngao ya robo nne, na katikati yake kunguru, nembo ya ukoo wa mfalme. Angalia herufi mbili kando ya Maria. Ikitangulia K, imepigwa Körmöcbánya, ambayo leo ni Kremnica, Slovakia. Nyingi zilipigwa kombo, maandishi yakakatika. Mimi huvumilia hilo mradi kunguru aonekane.

Ya pili ni ya Louis I (1342–1382) yenye kichwa cha Msaraseni, jina ambalo Wazungu wa enzi hizo waliwaita Waislamu. Yule si mfalme. Ni nembo ya familia ya Szerecsen (jina lenyewe maana yake Msaraseni), waliokodi kazi ya kupiga sarafu. Kwa hadithi ingekuwa ya kwanza, ila uso mara nyingi umelika.

Ya tatu, banovac, denari ya karne ya 13 ya magavana (ban) wa Slavonia, eneo ambalo leo liko Kroatia: mnyama wa jamii ya kicheche anakimbia, na nyota juu na chini yake. Ngozi zake zilitumika kulipa kodi enzi hizo.

Denari za Sigismund (1387–1437), zenye msalaba wa mikono miwili, ni za kujifunzia tu. Za Stefano I, mfalme wa kwanza wa Hungaria, ziache kwanza: zinatamaniwa mno, na bandia zipo. Jihadhari pia na za Béla III zenye mwandiko unaofanana na Kiarabu. Anayejua Kiarabu atagundua upesi kwamba hausomeki, na madini yake ni shaba, kwa hiyo usilipe bei ya fedha.

Kabla ya kutuma hela, omba picha za pande zote mbili, uzito, na namba yake katika katalogi ya Huszár, orodha ya sarafu za Hungaria. Iliyosuguliwa hadi ikameremeta, punguza bei au iache. Na kama inatoka Hungaria kwenyewe, kibali cha kuitoa nchini kiwe mkononi mwa muuzaji kabla hujalipa.